Ukali wa Ndimu

Abednego aliingia uani kwangu bila hodi, nikajua amekuja kwa shari.

"Dada Husna, dawa yako inamuua mdogo wangu."

Mdogo wake, Nathanaeli, alikuwa mpangaji wangu hapa Same. Mwaka ule wa njaa alikata mkonge huku akila ugali wa unga wa njano na chumvi, miezi na miezi, hadi fizi zikaanza kuvuja damu na miguu ikajaa madoa meusi. Mganga wa zahanati alimtazama mdomoni akasema ni kiseyeye, ila vidonge hakuna, labda Moshi. Moshi kwa gari gani, na dizeli ipi? Nikasema nitamtengenezea mwenyewe kama bibi yangu alivyonifundisha. Maganda ya ndimu hukaushwa kivulini, maana jua huyaacha makapi, yakatwangwa, na unga wake ukakorogwa kwenye maji ya ndimu zilizokamuliwa muda huo huo. Hakuna kuchemsha. Kila asubuhi nilikamua nikamkabidhi mama yake, Mama Elirehema, aliyeshuka kutoka kwao Mbaga, mlimani, kumuuguza.

Na kila siku mgonjwa alizidi kudidimia. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Leo tunampandisha mlimani kwa machela," Abednego akasema.

"Mkimtikisa kwenye njia ile atawafia mikononi!"

"Akifa, Same nzima itajua kikombe kilitoka kwa nani. Kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza. Wewe umewahi kuonja?"

Sikuwahi. Nilikuwa nakabidhi mlangoni nikakimbilia foleni ya sukari. Matusi yalinijaa mdomoni. Hasira hasara, nikayameza. Niliingia chumbani, Abednego nyuma yangu. Nathanaeli alikuwa ameegemea ukuta, midomo imevimba, mama yake kando yake. Kikombe cha asubuhi kilikuwa bado nusu. Nilikinyanyua mbele yao nikapiga funda.

Hakikuwa na ukali hata chembe. Kilikuwa na ladha ya sabuni.

"Nani ametia magadi humu?"

Abednego akamgeukia mama yake. Mama Elirehema, aliyelainisha makande kwa magadi maisha yake yote, alitazama sakafu.

"Mdomo wake ni kidonda kitupu," akasema. "Alivyolia siku ya kwanza! Nikatia kidogo tu, ukali ukakatika. Mama gani anammwagia mwanawe ndimu kwenye kidonda?"

"Ukali ndio dawa, mama! Magadi yameiua!"

Nilimfokea mzazi wa watu, wala sikuomba radhi. Nilikamua ndimu nyingine hapo hapo, nikakoroga unga, nikaonja hadi machozi yakanitoka. Abednego aliniangalia. Nikamsogezea mgonjwa kikombe.

Funda la kwanza alilitema pamoja na damu. Akausukuma mkono wangu, akamtafuta mama yake kwa macho.

"Mama, mwambie aache! Unaniona nakufa, umekaa tu?"

Nilidhani bibi yule atanifukuza. Badala yake alininyang'anya kikombe, akapanda kitandani.

"Fungua mdomo."

"Mama, nitakuchukia!"

"Nichukie, baba," Mama Elirehema akasema. "Lakini nichukie ukiwa hai."

Akambana kichwa kifuani kwake, akainamisha kikombe, na pamoja na vilio vyote vile hakukiondoa mpaka kilipokuwa kitupu.