Kigari Kinachokunjika na Mwenyewe

Jumatatu asubuhi Venant alipanga vigari vitatu vya umeme mbele ya duka lake katika soko la Mlango Mmoja, Mwanza, akavifuta vumbi kwa shati la mtumba lililokosa mnunuzi. Vilikuwa vimetoka ng'ambo ndani ya kontena moja na majokofu, vitanda vya hospitali na gunia zima la viatu vya mguu wa kushoto. Biashara ilikuwa imeachiwa huru miaka ile, kila mtu auze anachoweza, na Venant aliweza kuuza chochote.

Justa alifika akitembelea mikono, kandambili viganjani, kama alivyofika kila mahali tangu polio ilipomkausha miguu akiwa na miaka minne. Alikuwa fundi cherehani mwenye miaka arobaini na moja, na hakupenda kuharakishwa na muuzaji. Alipanda kigari cha kwanza, akakiendesha hadi mtaroni na kurudi. Kilikuwa imara, lakini kukinyanyua kulitaka wanaume wanne, na Justa alikwisha kuchoka kuomba hata mmoja. Cha pili betri yake ilizimika kila ilipokutana na mwinuko, na Mwanza huwezi kwenda kununua chumvi bila kupanda mlima. Cha tatu kilikuwa chembamba, cha magurudumu matatu, na kilikunjika.

"Kilo ngapi?" aliuliza.

Venant alikitundika kwenye mizani ya zamani ya kupimia pamba. Ishirini na tatu.

"Ila kinakunjika na mwenyewe," alisema. "Kaa nikuoneshe."

Justa alikaa. Venant alivuta mkono wa chuma ulio chini ya kiti. Usukani ukalala, kiti kikashuka, na Justa akakunjika humo humo, magoti, mabega na kitenge chake, bila maumivu, mpaka wakawa mzigo mmoja wa kubebwa kwa mkono. Venant aliutundika mzigo kwenye mizani. Ishirini na tatu vilevile.

"Huongezi kitu, dada," alisema, akabonyeza kitufe cha nje. Justa akakunjuka.

Kukunjwa hakukumuudhi, vitu vya ng'ambo vina mambo yake. Kilichomuudhi ni ile mizani. Lakini Jumamosi ukoo ulikuwa unakaa kikao Sengerema kugawa mali ya marehemu baba yake, na nyuma ya nyumba ya huyo baba kulikuwa na chumba cha uani alichokijenga yeye, kila bati limetoka kwenye cherehani yake. Alikitaka chumba hicho, ahamishie kazi yake na azeekee humo. Katika ukoo wao aliyekosa kikao hatajwi, na Justa alikuwa amekosa vikao maisha yake yote kwa kukosa wa kumbeba. Akanunua.

"Kumbuka kitufe kiko nje," Venant alimwambia. "Ukishakunjwa, lazima mtu mwingine akufungue."

"Sengerema nina ndugu," Justa alisema.

Kwenye kivuko, karani alimtazama juu mpaka chini. Tiketi za abiria zilikuwa za watu wanaopanda ngazi, na za magari zilikuwa za magari yenye namba. Hakuwa mkorofi, ila tiketi ya Justa hakuwa nayo.

"Mama, tukukunje tu," alisema. "Mzigo hauna shida."

Aliwekwa kati ya matenga ya nyanya na ndoo za sato. Humo ndani alisikia kila kitu: injini, maji ya ziwa yakigonga chuma, watu wakibishana bei ya sangara viwandani. Hewa ilitosha kwa mtu asiyeihitaji kwa wingi. Aliogopa, akajiambia kimoyomoyo kwamba anaogopa, ikamsaidia kidogo. Kisha mtu akamkalia.

"Jamani, taratibu," Justa alisema.

"Samahani dada, nilidhani sanduku." Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima.

"Basi kaa, lakini kaa katikati."

Yule mama, Roza, mwenyeji wa Musoma, alikuwa anakwenda kumwona mjukuu. Walizungumza juu ya mihogo mpaka ng'ambo, na walipofika alimfungua bila kuombwa.

Jumamosi mvua ilinyesha, kikao kikahamia sebuleni. Mlangoni kulikuwa na ngazi tano za saruji. Baba mtu alizijenga mwenyewe, huku akijua ana binti asiyetembea. Machibya, mdogo wake Justa, alitoka mbio na mwamvuli.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mmeanza?"

"Tunakungoja wewe. Subiri nikukunje, nikuingize usilowe."

Machibya alikuwa na heshima, hilo lazima lisemwe. Alimbeba dada yake kwa mkono mmoja na mwamvuli kwa mwingine. Ndani palikuwa pamejaa, pamebaki wazi katikati tu, mahali ambapo kwa desturi yao mali ya marehemu hukusanywa ionekane na wote. Akamweka hapo, kati ya redio na baiskeli. Kabla hajabonyeza kitufe, Shangazi Kashindye alianza sala, na wote wakainama. Sala ilipokwisha, Mwalimu Antoni, katibu wa ukoo, alikuwa ameshafungua daftari.

"Redio, moja. Kigari cha kukunja, kimoja. Baiskeli, moja."

"Mwalimu, mimi nimo humu," Justa alisema.

Antoni alikuwa mtu makini. Akaongeza kwa wino: kikiwa na Justa ndani.

"Nifungueni. Nina la kusema kuhusu chumba cha uani."

Shangazi alivua miwani. "Mwanangu, kilichowekwa kati hakiguswi mpaka kigawiwe. Unajua."

"Najua. Lakini kile chumba nilikijenga mimi."

"Nani anabisha? Wote tunajua. Lakini anayeomba ni aliyekaa kwenye benchi na sisi. Wewe umeshaandikwa."

Hakuna aliyecheka, na wawili watatu walimwonea huruma kwa dhati. Justa alilia kwa hasira, na mle alimokunjwa hapakuwa na nafasi ya kufuta machozi. Shangazi alipata redio. Baiskeli ilikwenda kwa Luhaga, binamu yao. Chumba cha uani kilikwenda kwa Machibya, na kwa kuwa kilikuwa kitupu, akapewa na kigari akiweke humo. Kisha wakala wali.

Machibya alimweka juu ya meza karibu na dirisha, apate mwanga. Kumfungua alisita, maana kitu cha urithi kina masharti yake. Shangazi alisema wasubiri mwaka uishe. Mwaka ulipoisha, alisema wamsubiri baba mdogo atoke Geita.

"Shikamoo dada," Machibya husema kila asubuhi.

"Marahaba. Nifungue."

"Nitamkumbusha shangazi."

Wageni wakiuliza kama yule dada fundi alipata chochote, Machibya huwafungulia mlango wa uani kwa fahari. "Huyo hapo," husema. "Hatukumtoa chumbani kwake."

Wageni huingia, humsalimia, kisha hutazama juu na kusifu paa. Huuliza ni nani aliyeezeka vizuri namna ile.

"Ni mimi," Justa huwajibu.

"Hongera sana," humwambia, na wakitoka huurudisha mlango taratibu.