Mbali na Maji

Mama alisimama katikati ya masale, mimea yetu ya kuwekea mpaka, mikono kiunoni, akiwazuia wanaume waliokuja na majembe kumchimbia baba yangu kaburi.

"Hapa hapachimbwi," alisema.

Baba mdogo Julius alimkazia macho. "Shemeji, hapo ndipo alipolala mzee wetu. Remigius mwenyewe alikuomba, na mimi nilikuwepo."

Kweli alimwomba. Hata mimi nilikuwepo, nimekaa miguuni pa kitanda. Baba alikuwa hana tena nguvu ya kujigeuza, lakini alisema, "Theodora, unilaze kwa mzee," na mama akaitikia kwa kichwa. Kwetu Kilema mtu huzikwa kihambani kwake, shamba la ukoo, kati ya migomba yake, ubavuni pa watu wake. Sijui kama baba aliyasahau masale, au aliamini mkewe hakosi njia.

Kihamba chetu kinaishia kwenye chemchemi. Mwaka uliotangulia, watoto wa kijiji cha chini walipougua kuhara, mama na wenzake wa kikundi cha kujitolea waliizungushia masale. Ndani ya masale hakulimwi, hakufungwi ng'ombe, hakuzikwi mtu. Hakuna aliyewalipa. Kila Jumamosi walizibua mfongo, ule mfereji wa mababu unaoteremsha maji hadi kwa watu wa chini, matope yakiwafika magotini, wakitaniana na kucheka kama wasichana. Baba aliwapelekea mbege, pombe yetu ya ndizi, na kuwaita askari wa maji. Alijivunia mkewe mpaka ikawa kero.

Wa kwanza kuumizwa na mpaka ule alikuwa jirani yetu Wenseslaus. Makaburi ya kwao nayo yamo ndani ya masale. Mama yake alipofariki, mama yangu alikwenda msibani kumwambia achimbe kwingine. Alichimba kwingine, nyuma ya banda la ng'ombe, na tangu siku hiyo hakuitikia salamu zetu.

"Nikimlaza Remi hapa," mama alisema, "Wense nitamtazama na macho gani?"

Julius alitupa jembe chini. "Basi mchimbie mwenyewe."

Akaondoka, na wanaume wa ukoo wakamfuata. Mama alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata baba alipokata roho. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Lilikuwa shimo moja tu, la mume wake.

Alipotulia, alichuma jani moja la sale. Kwa Wachagga, anayekuja kuomba msamaha huja na jani hilo mkononi, na si rahisi kumrudisha. Nilidhani anamkimbilia Julius. Yeye akakatiza migombani kuelekea kwa Wenseslaus.

Tulimkuta uani akikata majani ya ng'ombe. Mama alipiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Umechelewa, Mama Hilda," Wenseslaus alisema.

"Najua, baba. Nilikuja kwenu na sheria, sikuja na pole."

Alilipokea. Aliligeuza vidoleni, kisha akaingia ndani, na mimi nikamshika mama mkono ili tuondoke. Wenseslaus akatoka na jembe begani.

"Tuchimbe wapi?"

Walichimba juu, mwisho wa kahawa, ambako udongo ni mgumu na hakuna kaburi lingine. Julius alikuja mazishini. Alisimama mbali, akatupa udongo wake, akaondoka kabla ya chakula.

Chemchemi bado ni safi, na watoto wa chini wanakunywa. Mama amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini kila asubuhi huteka ndoo na kupanda nayo hadi mwisho wa kahawa. Nikitaka kumpokea, hunifukuza. Huyamwagia maua ya kaburini polepole mpaka ndoo iishe.

"Nilikunyima kulala karibu na maji, Remi," nilimsikia siku moja. "Haya, nimekuletea."

Kisha alikaa chini kando ya ndoo tupu, na nilipomwita aje kunywa chai hakugeuka.