Nyundo Ndogo Ndiyo Inayosema

Mchezo wetu unachezwa mtandaoni na watu elfu kadhaa ambao hawajawahi kuonana, na kazi yangu ndani yake ni majina. Kila pigo, kila ngao, kila uchawi wa kuponya lazima upewe jina. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la dawa. Mimi hukaa karibu na dirisha lisilofunga vizuri, kwa sababu aliyekaa hapo kabla yangu alilalamika, na mimi sikulalamika.

Mwezi huo tulikuwa tunaongeza mpiganaji mpya, Mhunzi. Mchoraji wetu, ambaye tulimwita Moto kwa kuwa hakuna kitu alichokichora kisiwake, alimpa upanga mrefu kama mlango, unaofuka moshi. Mapigo aliyabatiza mwenyewe: Dhoruba ya Mauti Elfu, Ghadhabu ya Joka la Milele, na la kumalizia, Mwisho wa Mwisho.

Baba yangu ni mhunzi. Ofisini hakuna aliyejua. Sikuficha, hakuna aliyeuliza, nami si mtu wa kujitangaza.

Jumapili nilimwonyesha Baba ule mchoro kwenye simu. Alifuta miwani, akatazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Upanga huu kaufua juu ya fuawe gani? Na kiuno cha kuubebea atakipata wapi?"

Kisha akanirudishia simu, kicheko kimekwisha. "Kumbe watu wakisikia mhunzi, ndivyo wanavyotuona. Moshi na makelele."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, ningeisahau.

Jumatatu kwenye kikao Bosi, mama asiyependa kikao kizidi kikombe chake cha chai, alisema majina ya Moto yataingia mchezoni Ijumaa, siku ya majaribio ya wazi. "Kuna mwenye neno?"

Kwa miezi minane sikuwa nimewahi kuwa na neno. Nilisikia sauti ikisema, "Hapana, sivyo," nikageuka nione nani kasema.

"Sivyo vipi, dada?" Moto aliniuliza.

Nilitafuta maneno ya kueleza. Likatoka moja tu: "Twendeni kwa baba yangu. Ni hapo nyuma ya soko, dakika kumi."

Bosi akachungulia kikombe chake. Kilikuwa kitupu. "Haya, twende."

Baba alikuwa anafua jembe la mteja pamoja na Shangazi, dada yake, ambaye amempigia nyundo kubwa kwa miaka ishirini. Baba hushika chuma kwa koleo mkono wa kushoto, na nyundo ndogo kwa mkono wa kulia. Hugonga kidogo pale anapotaka, na Shangazi hushusha nyundo kubwa palepale. Hawasemezani, ila neno mojamoja. Amsha: pigo jepesi la kuangusha maganda meusi ya chuma kilichotoka motoni. Laza: la kukipanua. Nyoosha: la kukirefusha. Nyundo ndogo ikilazwa ubavu juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia, basi, hakuna pigo tena.

"Shikamoo, mzee," Moto alisema nilipomtambulisha.

"Marahaba. Ndiwe wa upanga?"

"Karibu, mwanangu," Shangazi alidakia. "Na huo upanga wa urefu wa mlango umeuacha wapi?"

Baba akamwonyesha nondo nene iliyoegemea ukuta. "Urefu wa upanga wako ndio huo. Unyanyue."

Moto aliinua kwa mikono miwili mpaka magotini. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Sasa uzungushe juu ya kichwa," Shangazi alisema. "Ngoja kwanza sisi tutoke nje."

Hata Bosi alicheka. Lakini Moto si mtu wa kununa; aliomba ajaribu nyundo kubwa. Mapigo matatu yalikwenda vizuri, akanogewa. Baba akailaza nyundo ndogo ubavu. Moto hakuiona, au aliiona na mikono ikakataa. Akashusha la nne. Jembe la mteja likapasuka pembeni.

Baba aliligeuza kwa koleo, akautazama ufa.

"Si neno," Baba alisema, akilirudisha motoni. "Limekuwa jembe dogo." Kisha akaniita. "Binti, njoo."

Shangazi akanipisha bila kuulizwa. Nilivua viatu vya ofisini, nikavaa vyake vinavyonizidi, nikapanua miguu. Nyundo ndogo ikasema, kubwa ikatii. Amsha. Laza. Laza. Nyoosha. Nyundo ndogo ikalala, na yangu ikabaki hewani, juu ya kichwa changu, haitikisiki.

"Wewe!" Bosi alisema. "Umejifunza wapi?"

"Mwana wa mhunzi asipofua huvukuta," Baba alijibu, bila kuinua macho. "Huyu alivukuta moto mpaka darasa la saba. Halafu akafua." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha kazi yake bora.

Moto alikuwa anafuta jasho. "Kumbe Mhunzi ni watu wawili," alisema polepole. "Wachezaji wawili. Mmoja anaonyesha, mwingine anapiga. Na akipiga nyundo ikiwa imelala..."

"Anavunja silaha yake mwenyewe," nilimalizia.

Bosi alifikiri. "Ijumaa tutajaribu hivyo, kwa majina ya mzee: Amsha, Laza, Nyoosha. Wachezaji wakikataa, Jumatatu tunarudisha Mwisho wa Mwisho."

Ijumaa mchana Baba alikuja ofisini na shati lililopigwa pasi, akakaa kando yangu. Moto alikuwa ameubadilisha upanga kwa nyundo mbili, ndogo ya kuonyesha na kubwa ya kupiga. Nusu saa ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kila mmoja alipiga ovyo, silaha zikavunjika. "Nyundo gani hii, ya kupondea vitunguu?" mmoja aliandika. "Tupeni panga za maana!" mwingine akaongeza. Sikuthubutu kumtazama Baba.

Kisha wakaja wawili mbele ya lango la mawe ambalo hakuna aliyekuwa amelivunja siku hiyo. Mmoja alijiita Kipara, mwingine Bi Mkaidi. Amsha. Laza. Laza. Nyoosha. Nyundo ndogo ikalala, na Bi Mkaidi akasimama, nyundo hewani. Lango likaanguka.

"Mmefanyaje?" watu waliandika. "Nani anionyeshee nyundo?" "Natafuta mpigaji, awe na subira!" Kufikia saa kumi yale maneno matatu ya karakana yetu yalikuwa yanateremka kwenye skrini kama mvua, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kushika koleo. Bosi alisimama nyuma yetu. Chai yake ilikuwa imepoa, haijaguswa.

"Mwisho wa Mwisho ufutwe," alimwambia Moto.

"Nilishaufuta jana," Moto alijibu.

Baba alikuwa anasoma huku midomo ikicheza. Akagusa skrini kwa kidole chenye alama za moto. "Huyu analaza kabla hajaamsha. Mwambie."

"Baba, hanijui."

"Mwambie umeambiwa na mhunzi."

Nikaandika. Jibu likaja upesi: "Mhunzi gani?"

Mimi nisiyejitangaza nikaandika, na wote elfu kadhaa wakasoma: "Baba yangu."