Mikono ya Vifungo

Nguo zote za Kitinda nazishona mimi. Ni mdogo wangu wa mwisho, na tangu mama atutoke nimemlea kwa cherehani hii hii. Miaka miwili mfululizo alikuwa akiniambia, "Dada, mikono ongeza kidogo," nami naongeza. Inchi moja, inchi mbili, mpaka nguo zikamfika vidoleni. Fundi mzima, naona mshono uliopinda nikiwa ng'ambo ya barabara, lakini nisione anachoficha.

Aliyeona ni nesi wa zahanati, alipompandisha mkono wa nguo ampime presha. Hakupiga kelele. Alimsafisha majeraha, akayafunga bandeji, kisha akampeleka chumba cha mwisho kwa mshauri.

Hapo ndipo wivu uliponianza.

Kila Alhamisi Kitinda anaingia mle, mimi nabaki kwenye benchi na mkoba wake. Sauti naisikia, maneno siyapati. Siku moja nikasikia anacheka. Anacheka! Nyumbani nikimsemesha napata "ndiyo" na "hapana" tu. Yule mshauri, mama wa miwani, kamjua wiki tano. Mimi nimemfuta makamasi.

"Mnaongea nini humo?" nikamuuliza njiani.

"Mambo."

"Mambo gani hayo yasiyonifaa mimi?"

"Dada, wewe ukisikia utalia. Mama Miwani halii."

Nikamrudishia mkoba wake, nikatangulia.

Na kulikuwa na kile kikopo cha mafuta. Vidonda vilipofunga kabisa, nesi alimwambia makovu ayapake mafuta yasiyo na manukato, asugue polepole kwa kidole asubuhi na jioni, na ayafunike jua lisiyatie weusi. Yatafifia kwa miezi, alisema, na mengine hayatafutika. Nikamwambia, "Lete nikupake." Kitinda akageukia ukutani. "Naweza mwenyewe."

Wiki ya sita zikaingia sare za shule, arobaini. Vifungo ni kazi yake.

"Alhamisi hii huendi," nilimwambia, macho kwenye sindano. "Vifungo havijishoni."

"Sawa, dada."

Sare zenyewe zilikuwa za kukabidhiwa wiki iliyofuata. Nilijua.

Alhamisi nzima akakaa pembeni yangu, nami moyo kwatu: leo nitaambiwa mimi. Hakusema kitu. Ijumaa nikafungua kikopo. Alama ya kidole chake ilikuwa ile ile ya juzi; hakuwa amepaka tena. Jumamosi asubuhi akaacha kifungo katikati.

"Dada, yale mawazo yamerudi."

Nikaweka sindano chini. "Ya kujiumiza?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Sare si za haraka," nikasema. "Nilikuzuia kwa wivu."

"Najua. Tarehe niliiona kwenye daftari."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Niliogopa utanuna."

Mtoto alikuwa anazama, na bado anachunga nisinune! Namba ya mshauri ilibandikwa kwenye kabati; nilikuwa nimeipita kila siku kama siioni. Nikapiga mwenyewe. Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza kama Kitinda yuko nami, akasema nisimwache peke yake, vifaa vyote vya kazi vyenye makali vitoke nyumbani, na tuje sasa hivi, atatungoja. Nikamkabidhi Kitinda simu waongee. Nilimwita jirani mlangoni, nikampa kapu la mikasi.

"Fundi bila mkasi?" akacheka. "Utakata vitambaa kwa meno?"

"Nitakuja kukatia kwako."

Tukaenda. Nikakaa kwenye benchi langu. Wivu haukuwa umeondoka, nisidanganye. Nilipomsikia anaongea kule ndani ulinikaba vile vile. Lakini alikuwa anaongea. Nikaushika mkoba wake, nikangoja.

Tangu siku hiyo hajakosa Alhamisi hata moja. Nami nikikatia kwa jirani, narudi kushona.

Juzi alikuja na kitambaa cha bluu.

"Dada, nataka gauni la mikono ya vifungo. Nje kwenye jua naifunga, ndani naivua. Inawezekana?"

"Fundi ni nani hapa?"

Akapandisha nguo hadi begani, akaninyooshea mkono mtupu. Nikaweka futi ya kupimia begani, nikaishusha polepole, nikapita juu ya makovu yanayong'aa mafuta, hadi kwenye kifundo. Macho yaliwasha. Sikulia.

"Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na mbili."

"Usiongeze."