Besi Haifiki Kitandani

1.

— Tarumbeta limefika?

— Limefika, mama. Lisikie hilo.

— Mwimbaji je?

— Huyo anaimba.

— Na ngoma?

— Zipo.

— Nkwabi?

2.

Tulia nikueleze, maana najua umeshaanza kujiuliza hawa ni watu gani.

Naitwa Mihayo. Nauza magodoro hapa Tabora. Mama yangu ni Bi Kabula, huyo aliyelala kitandani akihesabu wanamuziki. Nkwabi ni baba, mpiga gitaa la besi wa Igombe Jazz, bendi ambayo nyinyi vijana hamkuiwahi na wala hamna haja ya kujifanya mnaijua. Baba alishakufa. Tulimzika, tukaanua tanga, na mama mwenyewe ndiye aliyegawa mashati yake kwa shemeji zake.

Sasa kasahau. Kasahau kifo, hakuisahau bendi. Nikiweka mkanda wa Igombe Jazz, kwake huo siyo mkanda, ni dansi lenyewe, na anawahesabu wanavyopanda jukwaani mmoja mmoja. Wote wanafika. Mumewe hafiki, kwa sababu spika zetu hazitoi besi, ile sauti nene ya gitaa lake. Na mama kwao kalelewa hivi: mke hagusi chakula mume hajaketi.

Basi hali.

Umenielewa? Kijiko kikifika mdomoni, anafumba.

Niliwahi kumwambia ukweli. Mara moja tu. Alilia kilio kile kile cha siku ya msiba, kipya kabisa, akajigaragaza chini. Baada ya chai akauliza tena, Nkwabi yuko wapi. Sitamwambia tena, hata unishikie panga.

3.

(mama)

Viatu vinanibana. Wenzake wote wamevaa suti, wamependeza, na ukumbi umejaa. Huyu mtoto mwenye kijiko ni wa nani? Ana adabu ila ana pupa. Nimeshamwambia, mume wangu yuko njiani, gitaa lake zito, hakimbii hovyo kama nyinyi. Nitakula naye. Hivi mtu unashibaje peke yako, halafu mwenyewe anafika na jasho lake, anakuta sufuria

4.

Spika zenyewe ni za honi. Baba alizichukua sinema ya zamani ilipogeuzwa ghala la tumbaku. Masanduku mawili ya mbao, marefu kama mtoto wa darasa la pili, na kila moja lina mdomo uliopanuka kama faneli ya mafuta ya taa. Huo mdomo ndio honi. Sifa yake, mtu akikohoa ndani ya mkanda unamsikia mpaka barabarani. Tarumbeta utadhani linapigiwa begani kwako.

Besi?

 

Najua utakachosema. Nikanunue spika za kisasa. Nilinunua, bwana! Mama alizisikiliza kidogo tu, akasema hawa siyo Igombe Jazz, hawa ni watoto wanaowaigiza, akageukia ukutani. Nikazirudisha dukani siku hiyo hiyo.

5.

Kundi la simu: SPIKA ZA KALE HAZIFI

MIMI: Ndugu zangu, naomba msaada. Nataka besi kwenye honi za sinema. Ni ya mgonjwa.

MROPE: Kaka, honi hiyo ni fupi mno kwa sauti nene. Sukumia sanduku kwenye kona, kuta zitasaidia kazi ya honi.

BI SHAMSA WA TANGA: Kwanza kagua waya. Ukichanganya chanya na hasi kwenye spika moja, hii inasukuma, ile inavuta, besi zinauana katikati ya chumba.

MROPE: Hilo nalo neno.

CHUMAULETE: Jaza mchanga kwenye mbavu za sanduku. Mbao zikitetemeka zinakula besi.

BI SHAMSA WA TANGA: Chumba kina ukubwa gani?

MIMI: Kinaingia kitanda, spika, na mimi nikijibana.

BI SHAMSA WA TANGA: Oo. Chumba kidogo hivyo, besi inasikika pembeni tu, katikati inapotea. Pole, mdogo wangu.

CHUMAULETE: Kama umechoka niuzie. Nina mteja.

6.

Yaliyofanyika, na yaliyotokea:

Kona. Besi ilikuja, lakini ngurumo tupu, noti hii na ile huzitofautishi. Mama akauliza, "Nani kaingiza lori kwenye dansi?"

Waya. Kweli, moja ilikuwa imegeuzwa, pengine tangu enzi za sinema. Nikaiweka sawa. Ukisimama mlangoni sasa unamsikia baba, kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikapiga kelele za furaha peke yangu. Kisha nikaenda kuinama pale kwenye mto wa mama. Wapi!

Mchanga. Sanduku limekuwa zito kuliko madhambi yangu. Mengine yale yale.

Magodoro ukutani, kuua mwangwi. Mimi ndiye muuzaji, sikushindwa. Chumba kikawa kama tumbo la mbuzi. Tarumbeta likapoa kidogo. Baba hakusogea hata hatua.

Kitanda kukipeleka mlangoni. Tulikinyanyua, mimi na vijana wa dukani, mama akiwa juu yake, polepole, na tulipokaribia kizingiti akaanza kupiga mayowe kwamba anatolewa kama maiti. Tukakirudisha.

Kuongeza sauti. Niliongeza

7.

SERIKALI YA MTAA WA RELINI

OFISI YA MTENDAJI

Bw. Mihayo Nkwabi

YAH: KERO YA MUZIKI NYAKATI ZA MCHANA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Ofisi imepokea malalamiko ya mdomo, baadaye ya maandishi, na baadaye tena ya mdomo kwa sauti ya juu, kutoka kwa Nesi Domitila, mnayechangia naye ukuta, ambaye hufanya kazi zamu za usiku na hulala mchana. Mlalamikaji anaeleza kwamba kutoka kwako hasikii wimbo, wala maneno, wala tarumbeta, bali "mdundo mtupu unaopenya ukutani na kuingia ndani ya mto".

Kwa barua hii unaelekezwa KUPUNGUZA BESI mara moja.

Ofisi inatambua uwepo wa mgonjwa na inampa pole.

8.

Kupunguza.

Mimi.

Besi.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea bila mimi.

9.

Nilimwita Fundi Zabroni, anayetengeneza redio kule sokoni. Mtu wa maneno mengi. Aliingia anasalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo!", akamshika mama mkono kama vile wamecheza wote utotoni. Nikamwonyesha barua ya mtaa.

— Aisee, mbona iko wazi hii, alisema. Ukuta unachuja. Sauti nyembamba unazizuia, nene zinapita. Huku kwenu tarumbeta na mwimbaji wanamzomea mzee mpaka hasikiki. Kule kwa jirani hakuna tarumbeta wala mwimbaji. Yuko yeye peke yake.

— Kwa hiyo baba yangu yuko kwa Nesi Domitila?

— Ndiyo maana yake.

— Anafanya nini huko?

— Anapiga besi, kaka. Sasa ulitaka afanye nini?

Tukacheka, Mungu atusamehe. Kisha Zabroni akasema kama dawa ni kuwanyamazisha wenzake, basi tuchomoe honi, tuache ile spika nene iliyo chini ya honi ifanye kazi peke yake. Akachomoa. Tukawasha. Besi ikasikika mlangoni, kwenye mto hapakufika kitu.

Mama akainuka kwenye mto. Hajainuka siku nyingi.

— Wamekwenda wapi? Wote wamekwenda wapi? Kumetokea nini huko jukwaani?

Akamshika Zabroni shati. Alidhani dansi limevunjika, kuna fujo, na mumewe anakuja gizani hajui. Tukachomeka honi haraka haraka, tarumbeta likarudi, mama akalala tena na mwanzo ukawa ule ule. Mwimbaji yupo. Ngoma zipo.

Zabroni alikunja waya zake polepole. Utani wote ulikuwa umemtoka.

— Mimi nimefika mwisho, kaka Mihayo. Mpe hata maji ya sukari.

— Anatema.

10.

(Domitila, upande wa pili wa ukuta)

Na mimi je?

Najua nyinyi mnaosoma mmeshamwonea huruma muuza magodoro, machozi yanawalenga. Haya. Mimi natoka wodini asubuhi, miguu imevimba. Kuna siku nimemfumba mtu macho halafu nikapanda bodaboda kuja kulala. Nafunga pazia. Naweka shavu kwenye mto.

Ukuta unaanza.

Huo mdundo naujua kuliko sala ya Baba Yetu. Najua unapopanda na unapotambaa. Najua pale unapokaa kimya kidogo, halafu unaruka mara mbili, kama mtu aliyesahau kofia akarudi kuichukua. Hata nikitafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa, kidole changu kinaufuata. Siupendi. Sikilizeni vizuri, msije mkaniwekea maneno mdomoni. Siupendi hata kidogo.

11.

Maelekezo ya hospitali kwa mtunza mgonjwa:

Apewe chakula laini, kidogo kidogo, mara kwa mara. Endapo atakataa, ndugu amshawishi.

Ndugu ni mimi. Nimemshawishi kwa uji wa ulezi, kwa mtori, kwa asali, kwa kuimba, kwa kulia, kwa kumfokea (ndiyo, nimemfokea mama yangu, na wewe ungemfokea). Nimevaa hata koti la baba, nikaja kuketi.

— Wewe siyo, akasema. Kwa upole kabisa.

Midomo yake imepasuka. Nikimgeuza upande, ni mwepesi mno, nami nageuza vitu kila siku, najua uzito. Naogopa sana, nakwambia. Sina pengine pa kusukumia hizi spika.

12.

Mkanda ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimeketi na bakuli mapajani. Mama kafumba macho. Nesi Domitila aliingia bila hodi, kitenge kimefungwa juu juu, alama za mto bado ziko shavuni.

— Kaka Mihayo, leo tunaheshimiana au hatuheshimiani?

— Msalimie mgonjwa kwanza, dada.

— Shikamoo mama.

Akanigeukia mimi.

— Haya. Wewe unajua mimi nasikia nini kule? Hujui! Wewe unasikia muziki, unastarehe. Mimi nasikia hivi:

Akatanua miguu, akakunja ngumi, akapiga kwa mdomo, kwa hasira, mate yanaruka:

dum

      dum-du

dum

 

            du-dum

— Mchana kutwa, kaka! Dum, dum-du, dum! Mpaka nahisi nitarukwa na akili!

Nilikuwa na jibu. La shombo, nililitayarisha tangu siku ya barua. Nikafungua mdomo nimpe. Nikaona shuka inatikisika. Kilikuwa kidole cha mama, kinagonga.

— Huyo, mama alisema. Macho bado kafumba. Huyo amefika.

— Nani amefika? Domitila akauliza.

— Mbona kaacha kupiga tena? Ndiyo kwanza kaingia.

Nikamtazama Domitila. Mtu mzima mimi, na mvi zangu, nikajikuta nimepiga magoti kwenye sakafu, bakuli mkononi.

— Dada. Nakuomba. Endelea.

— Niendelee nini?

— Kelele.

13.

(Domitila)

Ningefanyaje? Nilikuja kugomba. Muuza magodoro akaninong'oneza: mama anamsubiri marehemu mumewe, mpiga besi, ndipo ale. Nikaendelea.

Mwanzoni nilikuwa naona aibu, sauti inakwama. Bibi akakunja uso. Nikakaza. Hapo akafungua macho, hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu kule pembeni, mahali panapokaa watu wa besi, na uso wake ukawa uso wa msichana. Nimeona nyuso nyingi kazini. Huo sijauona.

— Umechelewa, akasema. Haya, keti. Mtuandalie.

Uji ulikuwa umepoa. Kijiko cha muuza magodoro kikagonga meno ya mama yake, lakini kiliingia. Akameza. Nikavuta pumzi, mdomo ukafumba. Nikarudia, ukafunguka. Nikavuta pumzi, ukafumba. Hivyo hivyo. Muuza magodoro analia huku ananiomba radhi, na mimi siwezi hata kumwambia anyamaze, maana nikiongea, mzee atakuwa ameondoka.

Mimi ni nesi. Mwili huu naufahamu. Uji hauwezi kurudisha kilichokwenda, na kesho atakuwa na njaa tena, na keshokutwa, na mimi ndiye ukuta mzima. Jua linashuka. Zamu yangu inakaribia, sare sijapiga pasi, wodini kuna watu wananisubiri nao hawana mwingine. Koo limekauka. Bakuli halijafika nusu. Nyinyi mlioko huko mnasoma, mmekaa mmetulia, hebu niambieni ninyamazie wapi. Niambieni basi, kabla pumzi

dum

      dum-du

dum