Kengele ya Kivuko Namba Saba

Jumatatu saa mbili asubuhi mhariri alifungua maoni ya wasomaji akakuta sabini na mawili. Kumi na tisa yalilalamikia rangi ya paa la stesheni. Kumi na moja yalisema nyasi ni za kijani mno kwa mwezi wa kiangazi. Moja lilitaka kujua kama mhariri ameolewa. Matatu yalihusu kengele ya kivuko namba saba, na hayo aliyasoma mara mbili, kisha akafunga mlango akayasoma tena.

Reli Mezani lilikuwa jarida la mtandaoni la treni za mfano. Ofisi yake ilikuwa ndani ya iliyokuwa kliniki ya meno, na mwenye jarida ndiye aliyekuwa akiyang'oa hayo meno kabla hajastaafu, kwa hiyo wote walimwita Daktari. Kiti cha wagonjwa kilikuwa bado pale dirishani. Fundi, ambaye vidole vyake havikuwahi kukauka gundi hata watu wakasahau jina lake wakamwita Gundi, alilala juu ya kiti hicho akipaka rangi mabehewa kwa vifaa vya kuchokolea meno. Katikati ya chumba palikuwa na meza ya mita sita, na juu yake reli ya mji wao kama ilivyokuwa miaka ishirini na miwili nyuma. Kila jioni kamera iliirusha hewani, wasomaji wakakaa wakitazama.

Wasomaji wa treni za mfano si watu wa kuchezea. Wanajua idadi ya misumari ya daraja ambalo hawajawahi kulivuka, na wapo waliokosana na wakwe zao kwa sababu ya rangi ya behewa. Kwa ajili yao Daktari alibandika sheria moja ukutani: kosa likitajwa na wasomaji watatu, lisahihishwe kabla ya Ijumaa. Sheria hiyo ndiyo iliyolikuza jarida kutoka wasomaji mia tatu hadi mia tisa.

Kwenye kivuko namba saba palikuwa na kibanda, geti, kengele, gari dogo la abiria barabarani, na mlinzi wa plastiki mwenye urefu wa ukucha wa kidole gumba. Gundi alikuwa amemgandisha miguu yote miwili. Lakini tangu wiki ya pili ya matangazo, kila siku saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, treni ilipokaribia na kengele ikalia, mlinzi alijinasua, akaenda kuteremsha geti, akasimama wima hadi treni ipite, akalipandisha, akarudi mahali pake. Gundi alijaribu gundi kali zaidi. Mlinzi aliviacha viatu vyake palepale akaenda pekupeku.

"Gundi inashika plastiki," Gundi alimwambia mhariri huku akimchongea mlinzi viatu vingine. "Mtu aliye kazini haimshiki, dada."

Wasomaji waliandika kwamba sare ya walinzi ilikuwa na vifungo vinne, si vitatu. Ikasahihishwa.

Mhariri alikuwa akimtazama mlinzi kwa sababu nyingine. Alichechemea kidogo mguu wa kushoto, na kabla ya kushika geti alijifuta kiganja kwenye suruali. Hivyo ndivyo alivyotembea baba yake tangu ujana. Kwa miaka kumi na mmoja baba yake alilinda kivuko namba saba, mpaka jioni ambayo treni iligonga gari dogo la abiria likiwa juu ya reli, wakafa watu wanne. Ripoti ya shirika la reli ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kengele ililia na mlinzi alikuwa amelala.

Alifukuzwa kazi, na mtaa ukampa jina, Mzee Usingizi. Hata waliompenda walilitumia wakisahau linatoka wapi. Yeye hakuliitikia hata mara moja. Ukimwita hivyo alikutazama kama vile umemwita mtu mwingine aliye nyuma yake. Na tangu siku ile hakuna aliyewahi kumwona akisinzia, si kwenye matanga, si hospitalini, si mbele ya binti yake aliyekuwa akiishi naye. Alingoja nyumba nzima ilale ndipo afunge macho. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja na kifua kilichokuwa kikikoroma akiwa macho.

"Sitaki kuzikwa na hilo jina, mama," alikuwa akimwambia binti yake. "Mengine yote nimesamehe."

Siku zote alisema kitu kimoja. Kengele ilikuwa imekufa kwa siku kumi na tisa. Aliandika mara tatu kwenye daftari la kibanda, na daftari lilichukuliwa asubuhi ya pili, halikuonekana tena.

Na sasa walikuwepo wasomaji watatu waliosema vivyo hivyo. Wa kwanza alikuwa dreva wa treni mstaafu. Wa pili alikuwa mjane wa fundi wa nyaya. Wa tatu alikuwa mpokea simu wa stesheni, naye aliandika: "Hiyo kengele yenu inalia vizuri lakini si kweli. Mwezi ule ilikuwa bubu. Mlinzi alinipigia mara tatu, nikaambiwa nisiandike. Pia paa lenu ni jekundu mno."

Mhariri alimpelekea Daktari karatasi zote tatu.

"Daktari, hili si la mezani tu. Tuandike habari yenyewe."

Daktari alivaa miwani, akasoma taratibu kama anayetafuta jino bovu.

"Sisi ni jarida la treni ndogo, binti yangu," alisema. "Zile kubwa zina wenyewe. Lakini wasomaji ni watatu, na sheria ni sheria. Gundi, kata waya."

Gundi alikata waya siku ya Alhamisi.

Jioni ile kengele haikulia. Mlinzi alibaki kando ya kibanda ameigeuzia sikio. Alitazama barabara. Gari dogo lilikuja likaanza kuvuka. Taa ya treni ilipomulika ukuta wa kibanda ndipo aliporuka, viatu vikabaki kwenye gundi, akakimbia akipunga kitambaa chekundu kisichozidi punje ya mchele, akajikwaa akaangukia goti. Gari lilipinduka. Kwenye nyasi walilala watu wanne ambao Gundi hakuwahi kuwatengeneza wala kuwanunua.

Asubuhi Gundi aliwaokota kwa kibano akawaweka kwenye kikasha cha meno ya bandia. Jioni walikuwa tena ndani ya gari. Aliendelea kuwaokota kila asubuhi, kwa sababu hakuona vizuri kuwaacha kwenye umande uingiao dirishani.

Maoni yalifika mia nne kwa siku moja. "Hatimaye." "Sasa mmeweza." "Mlinzi anakimbia vizuri, hongereni." Wasomaji wakawa elfu nne, wakawa elfu kumi na mbili, wakapita elfu thelathini. Daktari alinunua kamera ya pili ya kuweka upande wa geti. Mtu yeyote mwenye macho aliona: kengele ikilia alifunga, isipolia hakuwa na namna. Kwenye safu ya Masahihisho mhariri aliandika sentensi mbili: "Kengele ya kivuko namba saba haikuwa ikifanya kazi. Mlinzi alikuwa macho." Lilikuwa sahihisho la kwanza katika maisha ya jarida ambalo hakuna msomaji aliyelibishia. Alilichapa kwenye karatasi, akaliambatanisha na barua za wale watatu, akazipeleka mwenyewe hadi ofisi ya shirika la reli na kuomba ripoti irekebishwe.

Baba yake alitazama matangazo mara moja, kwenye simu ya binti yake, ameishika mbali kidogo na uso.

"Goti niliumia hapohapo," alisema. Kisha akauliza, "Watu wameona?"

"Elfu thelathini, baba."

"Na wale wa ofisini?"

"Nimewapelekea."

"Basi tusubiri." Akamrudishia simu. "Lakini mwambie huyo fundi amuunganishie kengele, hata siku moja. Apumzike kidogo huyo."

Mhariri hakusubiri kuomba ruhusa. Siku iliyofuata aliuunganisha waya mwenyewe. Kengele ikalia, mlinzi akafunga geti, gari likasimama, na wale wanne wakapita salama baada ya treni. Alilia akiwa amesimama pale, kwa raha. Kufikia asubuhi wasomaji mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameripoti kosa. Waya ulikatwa kabla ya chai.

Mwisho wa mwezi Daktari aliwauliza wasomaji wangependa nini kiboreshwe. Wanane katika kila kumi waliomba gari lipunguzwe mwendo wakati wa kuvuka, ili tukio lionekane vizuri.

Barua ya shirika la reli ilikuja Jumanne, kwenye karatasi nzuri yenye nembo. Ilikuwa imetiwa saini na maofisa watatu. Walisema wao pia hutazama kila jioni. Walilipongeza jarida kwa usahihi, na kuhusu kengele hawakuwa na pingamizi. Ripoti ilikuwa imeshafungwa, na ripoti iliyofungwa haifunguliwi kwa mambo ya mezani. Ila walikuwa na dokezo moja: mstari wa ubavuni mwa mabehewa ulikuwa wa rangi ya krimu, si mweupe.

Kwa kuwa walikuwa watatu, Gundi alichukua brashi. Kufikia Alhamisi mabehewa yote tisa yalikuwa na mstari wa krimu, na saa kumi na mbili na dakika kumi yalitokea kwenye kona kimya kimya, na mlinzi aliviacha viatu vyake.

Mhariri alimkuta baba yake kibarazani, kwenye kiti chake, macho mekundu wazi.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, baba."

"Wamesemaje?"

Alikuwa ametunga jibu njia nzima, na alipofika hapo likampotea. "Wamesema mstari wa mabehewa ulikuwa wa krimu."

Mzee alijifuta kiganja kwenye suruali. Alikuwa ameyaona mabehewa hayo yakipita kwa miaka kumi na mmoja.

"Hapo wamesema kweli," alisema.

Jirani alipita na ndoo yake, mwanamke mpole asiyewahi kumkosea mtu, akasimama kusalimia kama alivyofanya kila jioni.

"Shikamoo, Mzee Usingizi."

"Marahaba," akaitika.