Droni Iliyogoma Vidunda

Katekista Kornelio hakuwa mtu wa kubariki kwa matone. Alichovya tawi ndooni, akaimwagia ile droni maji ya baraka, chwaa! mpaka waliokuwa karibu wakaruka nyuma wakicheka. Kijijini Vidunda hakizinduliwi kitu kikiwa kikavu, iwe mashine ya kusaga au pikipiki ya zahanati, na Filomena, mtoto wa hapo hapo, hata hakushtuka.

Yeye ndiye aliyeiandikia droni programu yake. Leo ilitakiwa ishuke hospitalini Mikumi, ichukue boksi la damu, ipande nalo hadi hapa uwanja wa kanisa. Mkaguzi wa usalama wa anga, Mama Generoza, alikuwa amekaa mbele kabisa. Akiridhika, kibali kinatoka kabla masika hayajakata barabara. Asiporidhika, wajawazito watashushwa tena kwa machela kwenye utelezi, na dada yake Filomena alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Haya, rusha!" akasema Oswald, bosi wake, ndani ya suti kwenye jua lile.

Filomena akabonyeza. Wapi! Akabonyeza tena. Kwenye kompyuta yakatokea maneno aliyoyaandika mwenyewe: Vipimo viwili vya kimo havipatani. Siruki.

"Imegoma!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Jamani, aibu gani ile! Maji yalikuwa yameziba kitundu cha kupimia mgandamizo wa hewa, ambao ndio huijulisha droni iko juu kiasi gani.

Oswald akamwinamia sikioni, ila sauti yake ikafika hadi kwa mkaguzi. "Si kuna njia ya kuilazimisha? Ilazimishe basi, ni vitone tu!"

Njia ilikuwepo. Filomena aliiweka wakati wa majaribio. Akamfikiria dada yake, kidole kikasogea, kikasita, akakirudisha.

"Haitaruka mpaka ikauke," akasema kwa sauti, machozi yakimlengalenga.

"Mungu wangu, nimeiua?" akauliza Kornelio.

"Hapana, baba. Umeiogesha tu."

Mama Generoza akasogea. "Ungeilazimisha ingekuwaje, binti?"

"Ingedhani iko juu kuliko ilivyo, mama. Ingejipigiza mlimani, au ituangukie sisi."

"Na ungeweza kuilazimisha?"

"Ningeweza."

Mama akaitikia kwa kichwa tu, akarudi kukaa.

Wakaipangusa, wakaianika. Vipimo vilipopatana ikainuka ikivuma, ikapotea bondeni, ikarudi na boksi lake. Vigelegele, akina mama wakicheza, Kornelio akirukaruka kuliko wote. Filomena akamfuata mkaguzi, roho juu.

"Kuruka kwake kumenifurahisha," akasema Mama Generoza. "Kugoma kwake kumenifurahisha zaidi. Lakini kibali sikupi bado."

Filomena akauliza, "Kwa nini, mama?"

"Ile njia ya kuilazimisha, ifute kwanza. Leo ulikuwepo wewe. Siku nyingine atakuwepo Oswald."

Oswald, aliyekuwa anakuja na mkono wa pongezi, akaurudisha mfukoni. Filomena akapiga magoti mbele ya kompyuta palepale uwanjani, akaifuta ile njia.